Kanisa Lililovuka Ziwa

Mwaka 1902 watu wa Kisumu walihamishwa nchi bila yeyote kuinua mguu. Hadi Machi mwaka huo ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, pamoja na nyanda za juu mpaka jirani na Naivasha, ulihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili ilipoingia, eneo hilo likawa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Reli ilikuwa imefika majini Desemba 1901, na wakubwa wa London walitaka njia nzima ya garimoshi, kutoka Mombasa hadi bandari ya mwisho, iwe mikononi mwa serikali moja. Mstari ukachorwa upya, makarani wakabadilisha mihuri, shauri likaisha.

Kanisa Katoliki halikubadilisha mihuri. Katika vitabu vya Roma, Kisumu na jirani zake waliendelea kuwa ndani ya Vikarieti ya Kitume ya Nile ya Juu, iliyoundwa mwaka 1894 na yenye makao yake Nsambya, Kampala. Wakabaki hivyo hadi Julai 1925. Kwa miaka 23 Mkatoliki wa Kisumu alilipa kodi kwa serikali moja na kumtii askofu aliyekaa chini ya serikali nyingine. Ndiyo maana anayetaka kuyajua makanisa ya kale ya Nyanza akianzia Mombasa, kwa Vasco da Gama na Ngome ya Yesu, atapotea njia. Ukatoliki wa ukanda huu uliingia kwa mlango wa nyuma, kutoka magharibi, na hata majengo yake yana jamaa zake ng'ambo ya maji.

Habari yenyewe inaanza na mtumbwi. Februari 1879 Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, Wafaransa wa shirika la Mapadri Weupe, waliteremka Kigungu, karibu na Entebbe, baada ya kuvuka ziwa kutoka upande wa Mwanza. Miaka miwili kabla yao, Waanglikana wa CMS walikuwa wamekwisha kufika kwa Kabaka Mutesa. Kilichofuata kinajulikana: mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887, kisha mivutano ya ikulu, kisha bunduki. Januari 1892 pande mbili za Wakristo zilipigana Mengo, Kapteni Lugard akiwasaidia Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim, na kanisa la Wakatoliki la Rubaga likateketea. Waganda wakati huo hawakusumbuka na mafundisho ya dini katika kuzitaja pande hizo. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, basi.

Jina hilo la Wafaransa liliwaudhi Wakatoliki wa Uingereza kuliko mtu yeyote. Kadinali Herbert Vaughan, Askofu Mkuu wa Westminster, alikuwa ameanzisha shirika la wamisionari huko Mill Hill, pembezoni mwa London, mwaka 1866. Sasa Roma ilimpa nafasi ya kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mwingereza na Mkatoliki kwa pamoja. Mapadri Weupe waliachiwa magharibi, na upande wa mashariki wa Buganda ukakatwa kwa ajili ya Mill Hill. Askofu Henry Hanlon akaondoka Mombasa na mapadri wachache, wakatembea kwa miguu kwa njia ya misafara, na Septemba 1895 wakaingia Kampala. Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya.

Kuna sadfa moja ambayo wanahistoria wa hapa huipita haraka mno. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1895 Vaughan aliweka jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Westminster. Msanifu wake, John Francis Bentley, hakufuata mtindo wa Kigothi uliopendwa na Waingereza wengi. Alichagua mtindo wa Kibizanti, na akajenga kwa matofali mekundu, mamilioni kwa mamilioni. Jengo lilifunguliwa mwaka 1903, na kati ya ibada za kwanza za hadhara zilizofanyika ndani yake ilikuwa Misa ya kumzika Vaughan mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1903, watu wake walifungua kazi Kisumu. Pesa za Westminster hawakuwa nazo hata chembe, lakini udongo wa kufyatulia matofali waliukuta tele.

Kisumu waliyoifikia ilikuwa kitu kipya na kichafu. Wahandisi wa reli waliiita Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Meli iliyoitwa William Mackinnon ilikuwa imeletwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni, ikashushwa majini mwaka 1900. Meli nyingine, Winifred na Sybil, zikaifuata. Abiria wa Uganda walishuka kwenye behewa, wakapanda meli, wakaondoka. Kwa njia hiyo walipita mwanzoni mwa 1903 masista sita Wafransisko kutoka Mill Hill, akiwemo kijana wa Ireland aliyekuja kuitwa Mama Kevin, ambaye mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko huko Uganda. Kwao Kisumu ilikuwa kituo cha kubadilishia chombo.

Waliobaki mjini walikuwa mchanganyiko wa ajabu: vibarua wa Kihindi walioijenga reli, Waswahili waliokuja na misafara, askari wa Kinubi, maofisa wachache wa Kizungu, na Wagoa. Hawa Wagoa wasisahaulike. Walikuwa makarani wa reli, wa forodha na wa serikali, na walikuwa Wakatoliki tangu karne ya 16, kabla hata Mill Hill haijafikiriwa. Katika miji mingi ya reli ya Kenya, padri wa kwanza alipofika alikuta kundi dogo la Wagoa likimngoja na rozari mkononi. Waafrika wa vijijini walikuja baadaye, na ilibidi padri awafuate huko waliko.

Ndipo misheni zikaelekea vilimani: Ojola, upande wa magharibi wa Kisumu, kwa Wajaluo; Mumias, penye ikulu ya Nabongo Mumia; Mukumu, katika nchi ya Waluhya karibu na Kakamega. Kuhamia juu kulikuwa na sababu za kiafya. Ufukwe ulikuwa na malaria, na miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale ulikuwa ukifyeka watu kandokando ya ziwa. Upande wa Busoga na Buganda pekee waliokufa walipita laki mbili. Wengine nao walikuwa wanagombea vilima. Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. CMS wakafungua Maseno mwaka 1906, na mwaka huohuo Waadventista wakapanda kilima cha Gendia, ng'ambo ya ghuba. Mtu akiyatazama majina hayo kwenye ramani leo ataona ni majina ya shule kubwa. Zamani ilikuwa ni mashindano ya nani ametangulia kupata kilima chenye upepo na maji.

Kanisa la kwanza la misheni yoyote lilijengwa kwa vitu vilivyokuwepo: nguzo, fito, udongo na nyasi. Fundi wake alikuwa mwenyeji, naye alijua kazi. Lakini aliombwa ajenge kitu asichokizoea, nyumba yenye pembe. Nyumba ya Mjaluo ilikuwa duara. Boma lake lote, dala, lilikuwa na mpango usiochezewa: nyumba ya mke mkubwa ikitazama lango, nyumba za wake wengine zikipangwa kulia na kushoto kwa zamu, nyumba za vijana, ziitwazo simba, karibu na lango. Juu ya paa la mwenye boma palichomoza ujiti, osuri, ulioonyesha kwamba mwenyewe yu hai. Akifa, uliondolewa. Kwa watu waliosoma mapaa namna hiyo, jengo refu la pembe nne lenye msalaba kileleni halikuwa jengo bubu. Wamisionari wengi hawakulijua hilo, na labda ilikuwa heri.

Pembe nne zilikuwa na kazi yake. Misa ya Kilatini ilihitaji urefu: altare mwisho kabisa, padri akiielekea na kuwapa watu mgongo, reli ya komunyo katikati, waumini wakifuata kwa mistari, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Duara lingeivuruga ibada hiyo. Kwa hiyo kabla mtu hajajifunza Baba Yetu, alikuwa amekwisha kufundishwa na kuta mahali pa kutazama.

Nyasi huoza na mchwa hula nguzo. Baada ya misimu michache jengo liliinama, na hapo ndipo matofali yalipoingia. Udongo ulichimbwa karibu na mto, au ukachukuliwa kwenye kichuguu, maana mchwa huyohuyo anayekula nguzo huacha udongo mzuri wa kufinyanga. Ulikanyagwa kwa miguu, ukamwagwa kwenye vibao vya umbo, ukaanikwa, kisha ukapangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa. Chokaa ilipatikana upande wa Koru, ambako huchimbwa mpaka leo. Misumari, vioo na mabati vilipanda garimoshi kutoka Mombasa.

Nani aliyekanyaga udongo huo? Wakatekumeni. Aliyetaka kubatizwa na Mill Hill hakujifunza akiwa nyumbani kwake. Alihamia misheni kwa miezi, akalala kwenye mabanda, asubuhi akafanya kazi na saa nyingine akafundishwa katekisimu. Wazazi wengi walilalamika, hasa wa wasichana, maana nguvu kazi ya shamba ilikuwa imeondoka. Wapo pia waliokimbia. Waliovumilia walipata jina jipya, rozari, na mara nyingi ufundi: uashi, useremala, kuendesha tanuri. Kanisa likiisha, fundi huyo alirudi kijijini, na muda si mrefu palionekana nyumba ya pembe nne katikati ya maduara. Katika historia ya ujenzi wa Nyanza, tanuri za misheni zinastahili nafasi kubwa kuliko hotuba zote zilizotolewa mimbarini.

Hali ya hewa nayo ilitoa masharti. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na jioni upepo wa ziwa hukutana na ule wa milimani na kuzaa radi. Ukanda wa kutoka Kisii hadi Kakamega unajulikana duniani kwa wingi wa radi. Mnara wa kanisa katika nchi hii ni mwaliko wa hatari. Wakatoliki wa Rubaga walilijua hilo kwa uchungu: radi iliwahi kuharibu kanisa lao, na hilo lililopo sasa, lenye minara miwili ya matofali, lilianza kujengwa mwaka 1914 na kuwekwa wakfu Oktoba 1925. Upande wa Kenya wajenzi wengi waliridhika na paa la mteremko mkali, veranda ndefu na madirisha ya juu ya kutolea joto. Bati lilishinda vigae kwa bei na kwa wepisi. Lina dosari moja tu, na kila aliyesali Nyanza msimu wa masika anaijua: mvua ikishuka, mahubiri yamekwisha, atake padri asitake.

Si kila jengo lililokufa liliuawa na mchwa au radi. Mwaka 1911 Mill Hill walifungua Nyabururu, katika nchi ya Wagusii. Ulikuwa ni wakati mbaya wa kujenga huko. Waingereza walikuwa wamewashambulia Wagusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, ng'ombe wakatekwa, vijiji vikachomwa, na chuki ilikuwa mbichi. Halafu mwaka 1913 mtu wa Alego aliyeitwa Onyango Dunde akasimulia kwamba nyoka mkubwa wa ziwa, Mumbo, alimmeza, akamtema, na kumtuma. Ujumbe wake ulikuwa kwamba dini ya Wazungu imeoza na wao wenyewe wataondoka. Waliofuata waache kunawa, wafuge nywele, wale mifugo yao bila hofu, kwa kuwa Mumbo ataleta mingine kutoka majini. Habari hizo zikavuka ghuba hadi Gusii.

Septemba 1914 utabiri ukaonekana kutimia. Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika na kuingia Kisii, maofisa wa Kiingereza wakakimbia, na wamisionari wakaondoka nao. Mapigano ya tarehe 12 Septemba yaliwarudisha Wajerumani nyuma, lakini kwa siku hizo chache nchi haikuwa na mwenyewe. Watu walivamia ofisi, maduka ya Wahindi na misheni, ya Waadventista na ya Wakatoliki pia. Nyabururu ikaporwa. Serikali iliporudi iliadhibu kwa bunduki na kwa kuchukua ng'ombe, na vijana kwa maelfu wakapelekwa kuwa wapagazi wa vita, ambako wengi walikufa. Mapadri nao walirudi, wakaanza upya. Ukiuangalia mwaka ule kwa macho ya Wagusii, ni vigumu kuona ni wapi serikali iliishia na misheni ikaanzia, na waporaji hawakujisumbua kutafuta.

Vita vilipokwisha, kazi ilikua haraka kuliko Nsambya ilivyoweza kuisimamia. Tarehe 15 Julai 1925 Roma ikakata kamba: Prefektura ya Kitume ya Kavirondo ikazaliwa, chini ya Mholanzi Gorgonius Brandsma. Mwaka 1932 ikapandishwa kuwa vikarieti na kuitwa Kisumu. Mill Hill lilikuwa shirika la Kiingereza kwa jina, ila Nyanza liliongozwa zaidi na Waholanzi. Brandsma alifariki mwaka 1935, akafuatwa na Mholanzi mwingine, Nicholas Stam, mtu aliyekuwa ameandika kuhusu imani za wenyeji katika jarida la Anthropos tangu mwaka 1910. Frederick Hall, aliyeshika usukani mwaka 1948, alikuwa Mwingereza. Aliyemfuata mwaka 1964, Joannes de Reeper, alikuwa Mholanzi tena na bingwa wa sheria za Kanisa.

Miaka ya Brandsma ndiyo iliyofanya kanisa na shule visitengane. Shule ya Mtakatifu Maria, Yala, ilifunguliwa mwaka 1927. Hapo alipita Tom Mboya, mtoto wa familia ya Rusinga aliyezaliwa Kilima Mbogo, kabla ya kwenda Mang'u. Asumbi, upande wa kusini wa ghuba, ikawa na shule, chuo cha walimu na nyumba ya masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu. Kisumu yenyewe ilikuwa na kiti cha askofu, ila kwa muda mrefu uhai wa Kanisa ulikuwa huku mashambani, kwenye misheni zenye tanuri, mashamba na kengele, na kwenye vigango ambako padri alifika mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, na siku nyingine zote aliyekuwa Kanisa ni katekista.

Ufuko huu wa ziwa, kwa pande zake zote, ulitoa viongozi kabla ya sehemu nyingine za Afrika. Joseph Kiwanuka wa Masaka aliwekwa kuwa askofu mwaka 1939, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kagera, akawa kadinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Kisumu ikaleta wa tatu. Maurice Otunga, mwana wa Chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu, alisoma seminari ya Kakamega, akavuka hadi Gaba, Uganda, kisha Roma, ambako alipewa upadri mwaka 1950. Februari 1957 aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, Mwafrika wa kwanza Mkenya kuvaa kofia hiyo katika Kanisa Katoliki. Mwaka 1960 jimbo jipya la Kisii lilipomegwa, akapewa yeye. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, na mwaka 1973 kadinali. Njia yake ya masomo, kutoka Kakamega hadi Gaba, ilikuwa ileile ya utawala wa zamani wa Nsambya, miaka ishirini baada ya Roma kuifuta.

Uaskofu wa Otunga haukutosha kuwatuliza wote. Mgawanyiko uliokuja ulikuwa na mizizi ya nyuma kidogo. Mwaka 1936 mwanamke wa Ireland aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu, Edel Quinn, aliteremka Kenya kueneza Legio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin na Frank Duff mwaka 1921. Alizunguka Afrika Mashariki kwa gari bovu hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. Chama hicho kiliwapa watu wa kawaida, wanawake hasa, kazi ambazo padri alikuwa amezishikilia: kutembelea wagonjwa, kuongoza sala, kufundisha. Wajaluo wakakikumbatia. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, mama kijana aliyefiwa na wanawe, wakaongoza makumi ya maelfu kutoka nje ya Kanisa Katoliki huko Nyanza Kusini. Aoko alibatiza na kuchoma hirizi hadharani. Serikali ikaliandikisha kanisa hilo mwaka 1966 kwa jina la Legio Maria.

Waliondoka na sakristia nzima. Kanzu za kasisi, rozari, sanamu, uvumba, papa, makadinali, na Kilatini. Kitovu chao ni kilima cha Got Kwer, Migori, mahali alipozikwa Ondeto mwaka 1991, nao wanamheshimu kama Masiya aliyekuja kwa Waafrika. Makanisa yao ya vijijini mengi ni ya udongo na bati, watu huingia bila viatu, na ndani pamepangwa kama kanisa la Mill Hill la miaka ya 1940. Hapo pana kinaya kizuri: Wakatoliki wa Roma waliiacha Misa ya Kilatini kwa agizo la wakubwa, na maneno yake yakaendelea kusikika kandokando ya ziwa vinywani mwa watu ambao padri wao aliwaita waasi.

Agizo lenyewe lilitoka kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965. Kwa fundi lilimaanisha nyundo. Altare iliyobanwa ukutani ilibidi isogezwe ili padri awatazame watu. Reli ya komunyo ikang'olewa. Pakatafutwa nafasi ya ngoma na ya kwaya inayocheza. Jengo refu na jembamba, lililokuwa sahihi kwa miaka sitini, likaonekana ghafla limekosewa, kwa kuwa aliye nyuma haoni. Makanisa ya kale ya Nyanza mengi yanabeba alama hizo: jukwaa jipya la simenti mbele ya jukwaa la zamani, altare mbili zikipeana kisogo. Mijini wasanifu walikuwa wameanza kujaribu zege hata kabla ya Mtaguso. Familia Takatifu ya Nairobi, kazi ya Dorothy Hughes ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiyo mfano mkubwa.

Jibu la maana zaidi lilitoka tena ng'ambo. Huko Namugongo, mahali Karoli Lwanga alipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, Mswisi Justus Dahinden alichora kanisa la duara kwa umbo la nyumba ya Kiganda, likisimama juu ya nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Papa Paulo VI, aliyewatangaza watakatifu mwaka 1964, alifika hapo mwaka 1969, na jengo likawekwa wakfu mwaka 1975. Nyumba ya duara, iliyofukuzwa na tanuri za matofali, ilikuwa imerudi kwa mlango mkuu. Kila mwaka mahujaji wa magharibi mwa Kenya hutembea kwa siku kadhaa kwenda huko, wakipita Busia au Malaba kwa makundi, wakilala kwenye shule na makanisa ya njiani. Njia ya Askofu Hanlon sasa ina lami na vibanda vya mihuri.

Kisumu ilipata jimbo kamili mwaka 1953, na Mei 1990 ikawa jimbo kuu chini ya Zacchaeus Okoth. Vipande vyake vimekuwa majimbo: Kisii, Kakamega, Bungoma, Homa Bay. Kanisa kuu la Mtakatifu Theresa liko Kibuye, jirani na soko ambalo ni kati ya masoko makubwa ya wazi ya Afrika Mashariki, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko hilo. Anayetoka Misa ya asubuhi anakutana uso kwa uso na marundo ya mitumba, nyanya, omena na makochi, na wauzaji wanaopaza sauti kuliko kwaya. Msanifu asiyejua mji angeulalamikia ujirani huo. Wenyeji wanaona ni nafuu ya nauli.

Upande wa pili wa mji, Nyalenda, kuna Pandipieri, kituo alichokianzisha Mill Hill mwingine wa Uholanzi, Padri Hans Burgman, katikati ya nyumba za mabati za watu wa kipato cha chini. Huko hawakuanza na mnara. Walianza na jumuiya ndogondogo majumbani, wakaongeza zahanati, kazi za watoto wa mitaani na shule ya sanaa. Burgman huyohuyo aliandika kitabu cha jinsi Kanisa lilivyoanza magharibi mwa Kenya, kilichotoka mwaka 1990, na bila yeye mengi ya Ojola na Mukumu yangebaki kwenye barua za mapadri.

Siku hizi udongo haukanyagwi na wakatekumeni. Kigango kinachotaka kuwa parokia kinaunda kamati, kinachapisha kadi, kinaita harambee. Mgeni wa heshima ni mwanasiasa, na anategemewa kuja na bahasha nene. Mazoea hayo yalipata mshtuko Novemba 2024, pale Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza mamilioni ya shilingi yarudishwe kwa Rais William Ruto na kwa Gavana Johnson Sakaja, baada ya kutolewa kwa waumini wa kanisa la Soweto. Sehemu ya fedha za Rais ilikuwa ya kujenga nyumba ya mapadri. Anyolo aliongoza Homa Bay kwa miaka mingi, kisha Kisumu kuanzia 2018 hadi alipohamishiwa Nairobi mwaka 2021, na kwa hiyo kamati za ujenzi za kandokando ya ziwa anazijua kwa majina. Agizo lake limeziachia hesabu ngumu, kwa maana bei ya mfuko wa saruji haijashuka.